Sauti Iliyokataa Kompaila Mpya

Shangazi alipoteza macho akiwa mtu mzima, na mumewe, ambaye hakuwa mtu wa kukaa akilia, akamtengenezea mashine ya kumsomea vitabu. Akaiwekea sauti yake mwenyewe. Alipofariki, mashine iliendelea kusoma, na Shangazi akaendelea kuishi naye kwa namna hiyo. Sasa diski ilikuwa imekufa, mashine imenyamaza, na binti wa kaka yake, mhandisi wa mifumo mwenye maneno mengi, alikuwa ameketi jikoni akiahidi kwamba hiyo ni kazi ya mchana mmoja tu.

Diski mpya ilidai kiini kipya, ile programu ya chini kabisa inayoiamsha mashine nzima. Maandishi ya kiini alikuwa nayo. Akayapitisha kwenye kompaila, programu inayogeuza maandishi ya binadamu kuwa lugha ya mashine. Alichagua ya mwaka huu, maana yeye na vitu vya zamani hawakupatana. Mashine ikawaka. Sauti haikutoka.

Sehemu ya sauti, aliyoiokoa kutoka kwenye diski iliyokufa, ilibaki katika lugha ya mashine tu. Maandishi yake marehemu alikwenda nayo. Ilibeba muhuri wa kompaila iliyoizaa, na kiini kilichozaliwa na kompaila nyingine hakikuitaka. Binti akalazimisha. Mashine ikaganda.

"Umeiharibu?" Shangazi akauliza.

"Bado, shangazi."

"Hiyo bado yako siipendi."

Akameza majigambo yake, akaitafuta kompaila ya zamani. Aliipata, lakini ikiwa maandishi tu, na ile ya mwaka huu ikayatema: yaliandikwa kwa mtindo ambao siku hizi ni kosa. Ikabidi atafute ya miaka ya katikati. Ya leo ikaijenga ya katikati, ya katikati ikaanza kuijenga ya zamani.

Alipokuwa akingoja, wazo likamjia. Kila kompaila ilijengwa na nyingine. Na hiyo nyingine je? Akarudi nyuma kwa mawazo, mzazi baada ya mzazi, mpaka kwa mtu asiyemjua aliyeandika namba moja moja kwa mkono, bila chochote cha kumsaidia. Kila alichowahi kujenga kilitoka huko, na uzi haukukatika hata siku moja. Miaka yote aliutumia kama mtu anayewasha taa bila kujiuliza umeme unatoka wapi. Alijiona mdogo sana, na kwa mara ya kwanza akafurahi kuwa mdogo.

"Mbona kimya?"

"Nimeduwaa tu, shangazi."

"Basi ni kama marehemu. Chai inapoa, mtu kaduwaa mbele ya skrini."

Kompaila ya zamani ikakijenga kiini. Akaiwasha mashine. Mistari ikapita, muhuri ukalingana na muhuri. Kisha mwanamume akakohoa kidogo, na sauti yake nzito ikajaa jikoni.

"Nipo. Tusome nini leo?"

Shangazi akavuta kiti karibu, akaweka kiganja juu ya mashine.

"Chochote," akasema. "Leo nataka kukusikia tu."