Ukuta wa Chumba cha Nyuma

Mimi na mwenye nyumba hatukugombana. Nalisema hili mapema kwa sababu watu wa mtaani wakiona mpangaji anafungua vitanda na kufunga mabegi, huanza kutunga yao. Hakuna aliyemfukuza mwenzake. Mkataba ulikuwa umebakiza miezi saba. Yeye alitaka kumhamishia dada yake mgonjwa pale, na mimi tangu mke wangu azikwe sikuwa na haja ya vyumba vitatu. Hata kimoja kilikuwa kinanizidi. Tukakaa sebuleni, tukakubaliana kuuvunja mkataba kwa hiari, kila mtu akabaki na nakala yake.

Mwenye nyumba huyu wapangaji tunamwita Bi Kalenda, kwa kuwa tarehe haimpiti. Masharti aliyaandika kwa mkono wake: nihame Jumamosi saa nne asubuhi, na nyumba niirudishe imepakwa rangi nyeupe kama nilivyoikuta. Kazi yangu ni kupaka rangi, kwa hiyo sharti hilo halikuninyima usingizi. Nikaomba jambo moja tu, ukuta wa chumba cha nyuma, pale kitandani, uachwe ulivyo.

"Lile doa?" akauliza.

"Hilohilo. Binti yangu anakuja Jumamosi. Hakupata ruhusa kazini aje kuzika. Kanipigia simu, kaniambia, baba, ukuta wa mama usiuguse mpaka nije."

Mke wangu aliumwa miaka miwili. Kutwa nzima alikaa kitandani kaegemea ukuta, na mafuta yake ya nywele yakaingia kwenye rangi, yakaacha doa la kahawia lenye ukubwa wa sahani. Nilikuwa namtania kwamba ananiharibia jina, mke wa fundi rangi kuwa na ukuta mchafu! Naye alikuwa akinijibu nipake basi kama nina ubavu, ataliweka upya kabla rangi haijakauka.

Bi Kalenda akaandika kwamba ukuta wa chumba cha nyuma usipakwe, akapigia mstari. "Nitatafuta wa kuupaka baadaye, baba. Hilo halina neno."

Alhamisi nikaanza kazi. Niseme ukweli wa nilivyokuwa siku zile: sikuwa na huzuni. Watu walileta pole zao, nikazipokea kama risiti za dukani, natia mfukoni. Nilikula, nilioga, nilijibu simu. Moyo ulikuwa kama mguu ulioukalia mpaka ukafa ganzi. Unajua ni wako, ila ukiubonyeza huna habari. Wengine walinisifu kwamba mimi ni mwanamume, nimejikaza. Sikuwa nimejikaza hata kidogo.

Sasa, fundi mwenye akili huanzia chumba kilicho mbali na mlango, akaja kinyumenyume, asije akajifungia ndani na rangi mbichi. Miaka thelathini nafanya hivyo. Nikakoroga rangi, nikasogeza kitanda katikati ya chumba, nikakifunika nailoni, nikaanza. Mkono ukaenda wenyewe, juu na chini, juu na chini. Sikumbuki nilikuwa nawaza nini. Nilipomaliza kurudia mara ya pili, nikarudi nyuma hatua mbili kukagua. Ukuta ulikuwa umetulia, hauna hata mchirizi, na nikajisifu kimoyomoyo. Ndipo nikakumbuka ni ukuta gani.

Laiti ningekuwa fundi mbovu. Doa la mafuta ukilipaka juujuu, baada ya wiki linachungulia. Lakini mimi nilikuwa nimelisugua kwa sabuni kwanza, nikalipiga msasa, kama ninavyomfundisha kila anayetaka kujua kazi. Maji yakimwagika hayazoleki. Nikaosha brashi, nikahamia chumba cha pili.

Ijumaa alasiri nikafanya jambo la kipumbavu. Nilirudisha kitanda mahali pake, nikachukua mafuta yaliyobaki kwenye kikopo chake, nikajipaka kichwani mpaka yakachuruzika shingoni. Nikakaa pale alipokuwa anakaa, nikaegemea ukuta. Nilikaa hivyo hadi jua lilipoliacha dirisha. Nilipoinuka, doa lilikuwepo. Halikuwa baya. Nikakunja mashuka.

Jumamosi binti aliingia saa tatu na nusu, begi bado begani.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu. Pole na safari."

"Ni kule?"

"Kulekule."

Bi Kalenda naye alikuwa amefika na karatasi zake, tukaongozana. Mwenye nyumba alitazama ukuta, akanitazama mimi. Rangi ilikuwa bado inanuka, na mtu aliyejenga nyumba nne hadanganyiki. Akabaki mlangoni.

Binti akavua viatu, akapanda kitandani. Akakaa kama alivyokuwa anakaa mama yake, miguu kainyoosha, mgongo ukutani. Ni mtoto aliyekuwa anavaa magauni ya mama yake bila kupunguza pindo. Akaegemeza kichwa. Doa likabaki peke yake juu ya kichwa chake, umbali wa kiganja kizima.

Alipapasa kwa mkono, akageuka kulitazama. Akanusa vidole.

"Baba," akasema, "hiki ni kichwa chako."

Ningeweza kudanganya. Nikasema, "Nilipaka kwa mazoea, mwanangu. Sikuwa na nia. Nikajaribu kulirudisha, ila nimesahau alikuwa anafika wapi. Miaka miwili namwona pale kila siku, na nimesahau."

Nilingoja anipigie kelele. Ilikuwa haki yake, na nadhani ningeshukuru. Hakupiga kelele. Alijiweka sawa, akaegemea tena, akafumba macho kama mtu mgonjwa.

"Alikuwa anafika hapa," akasema. "Njoo uone."

Nikasogea mpaka ukingoni mwa kitanda, nikaona pale kichwa chake kilipogusa ukuta, chini ya doa langu. Palikuwa ni hapo kabisa.

"Unaona?"

"Naona," nikasema, nikakaa sakafuni. Iliniuma. Kwa mara ya kwanza tangu tumzike, iliniuma.