Poda Mbele ya Daktari

Kwetu mtu haendi kwa daktari kama alivyotoka zizini. Anaoga, anavaa nguo ya ndani isiyo na kiraka, juu yake ile ya kanisani, na anabeba mayai. Jirani yetu mmoja alivunjika nyonga, akakataa kubebwa mpaka afungwe kilemba cha hariri. Kwa hiyo Jumatano ile asubuhi, mke wangu Saveta alipoulizia mkebe wa poda ulioachwa na binti yetu Ilinca, nilielewa kwamba amekubali kumwona daktari.

Daktari wetu wa familia, Corbeanu, siku hizi hufika kijijini Jumanne tu. Siku nyingine tunaonana naye kwenye simu ambayo Ilinca alituletea kutoka Italia. Nilizoea kumtania Saveta: miguu haionekani kwenye simu, soksi mpya za nini? Siku hiyo utani haukunijia. Alfajiri nilikuwa nimemkuta ameinamia ndoo ya maziwa, jasho linamtiririka ilhali nje kuna barafu, midomo imepiga buluu. Mkono wa kushoto ameukumbatia kama kitoto kichanga. Akasema ni gesi, ameponzwa na kabichi.

Nilitaka gari la wagonjwa papo hapo. Hakutaka kusikia. Dada yake aliingia hospitali ya mkoa kwa miguu yake, akarudi ndani ya jeneza. Mwishowe tukapatana kwamba daktari ndiye atakayeamua.

Nikaenda kumalizia kumkamua ng'ombe. Niliporudi nikakuta bibi harusi: poda, mashavu mekundu, midomo ya waridi. Kikapu cha mayai kiko mezani mbele ya simu, daktari ajue kwamba fungu lake lipo.

Daktari alipotokea kwenye simu alitabasamu. "Mama Saveta, ukizidi kupendeza hivi tutakuozesha upya."

Saveta akacheka kwa nusu pumzi. Akaeleza habari za kabichi. Mkono, akasema, umeteguka kwa ndoo. Kifua je, kinabana? Kidogo tu, kama sidiria mpya. Daktari akasogeza uso karibu, akatazama, na alichokiona ni kile kilichopakwa. Akaanza kutaja dawa ya tumbo, akaahidi kumpima Jumanne.

Jumanne ni siku sita. Nimezika kaka watatu, wote kwa ugonjwa wa moyo; hakuna hata mmoja aliyehitaji siku sita. Lakini nilimwogopa pia Saveta. Miaka arobaini na minane sijamwaibisha mbele ya mtu, ila kwa mzaha. Nikachovya kitambaa cha vyombo kwenye maji, nikamshika kidevu, nikampangusa uso.

"Unafanya nini, baba Ilinca?"

"Namwonyesha daktari mke wangu."

Chini ya poda kulikuwa na rangi ya jivu, na midomo ilikuwa ileile ya alfajiri. Tabasamu la daktari likazimika. Alimwambia asiinuke, hata hatua moja. Akaniuliza kama aspirini imewahi kumdhuru; nikasema la, akaamuru nimpe moja aitafune. Gari ataliita mwenyewe. Kwa barabara yetu ni dakika arobaini, na simu tusiikate.

Saveta alinitukana. Beberu, mzee usiye na haya, umenivua nguo mbele ya mwanamume. Kila tusi nililipokea kama baraka. Kisha yakaanza kupungua, likawa neno mojamoja, halafu kimya. Daktari akamwita jina. Hakuitika.

Nikatafuta kitu cha kusema, nikakipata kibaya kuliko vyote.

"Haya, usijali," nikamwambia. "Mjane Ruxandra wa pale kwenye kinu cha unga anajua kupika supu."

Kope zikacheza.

"Ruxandra," akasema taratibu, "anaunguza hata maji."

"Na nyumba yake? Nasikia ni safi."

"Safi wapi. Kuku wanalala kitandani."

"Endelea," nikasema. Mkono wake ulikuwa baridi ndani ya wangu, nami sikuthubutu kuukaza wala kuuachia. "Nini kingine?"

Akavuta pumzi, akaanza na meno ya Ruxandra. Daktari, ndani ya simu, alikuwa akihesabu pumzi za Saveta pamoja nami, na barabara bado ilikuwa tupu.