Mkono wa Nguzo ya Tatu

Saa mbili kasoro robo asubuhi Kasuku alikuwa ameshafuta vioo vya gari, ameweka chupa mbili za maji kwenye mfuko wa kiti, na ametandika nyuma kile kitambaa cheupe cha kuegemeza kichwa ambacho wageni wengi hawakigusi. Gari lilikuwa dogo, jeupe, la kutembeza mgeni mmoja au wawili kwa faragha yao. Yeye alikuwa dereva na mwongozaji kwa pamoja, maana kampuni iligundua zamani kwamba mtu mwenye mguu na mdomo anaweza kufanyishwa kazi mbili. Jina la Kasuku walimpa wenzake. Maelezo ya vituo saba vya jiji yalikaa kichwani mwake kwa mpangilio, na ukimkatiza katikati ilimbidi aanze upya.

Mgeni wa siku hiyo alikuwa anasubiri kwenye lango la hoteli. Alikuwa bibi mfupi wa miaka sitini hivi, viatu vimeng'arishwa, mkoba mweusi ameukumbatia kifuani kama mtu aliyebeba kuku asiyemwamini. Hotelini hakulala hata siku moja maishani mwake. Alitoka kwake alfajiri kwa miguu, akapita mbele ya mlango wa kampuni ya Kasuku, akaenda zake mpaka hotelini, kwa sababu kanuni inasema mgeni huchukuliwa hotelini.

Kasuku alimfungulia mlango wa nyuma. Bibi akauzunguka, akafungua wa mbele, akakaa.

"Mama, wageni hukaa nyuma."

"Nyuma ni kwa wakubwa na mizigo, mwanangu. Mimi si mkubwa, na mzigo wangu nimeupakata. Nipeleke kwenye Mkono."

"Mkono ni kituo cha saba, Mama. Tunaanza cha kwanza."

Akamwonyesha kibali. Kilikuwa karatasi ya manjano yenye miraba saba, na kila kituo kina mlinzi wake mwenye mhuri wake. Bila mihuri sita ya mwanzo, mlinzi wa darajani hainui kizuizi. Kwa miguu ndiyo kabisa, hakuna anayeruhusiwa kufika chini ya daraja. Bibi alilijua hilo. Alishajaribu mara nne kwa miguu, na mara ya nne walimwachia mbwa, ambaye alimnusa tu akalala.

"Haya," alisema. "Ukitaka mgongo wa samaki, anza na mkia. Twende."

Kituo cha kwanza kilikuwa Mnara wa Saa. Kasuku alieleza urefu wake, uzito wa kengele yake, na kwamba ulijengwa na meya wa kwanza wa jiji. Cha pili kilikuwa Sanamu ya Mkombozi, iliyosimamishwa na mtoto wa Mkombozi. Cha tatu, Bunge la Zamani, lilijengwa na Rais.

"Peke yake?" bibi aliuliza.

"Vipi, Mama?"

"Nauliza kama Rais alijenga peke yake. Masikini, mikono yake."

Kasuku akapoteza mstari, akaanza tena kutoka kwenye urefu wa nguzo za mbele. Bibi alimsikiliza kwa adabu mara zote mbili.

Kituo cha nne kilikuwa Makumbusho. Bibi alipita haraka kwenye ngoma na mikuki, akasimama mbele ya kisanduku kidogo cha kioo karibu na mlango wa kutokea. Ndani mlikuwa na pete iliyotengenezwa kwa nati ya shaba, iliyosuguliwa pembe zake kwa tupa mpaka ikawa duara, au karibu na duara. Kibandiko kilisema: Pete. Iliondolewa kwenye Mkono wa Darajani kwa usalama wa wageni. Mwenyewe hajulikani. Alisimama pale kwa muda ambao Kasuku, kwa mazoea ya kazi, alijua ni mrefu kuliko wa wageni wote aliowahi kuwaleta. Halafu bibi akahamishia mkoba mkono wa pili. Kwenye kidole chake kulikuwa na nati nyingine ya shaba, ndogo kidogo, na pembe moja haikusuguliwa vizuri.

Kasuku aliiona. Akafungua mlango wa gari, na maelezo ya njiani hayakutoka.

Jengo Refu, kituo cha tano, bibi ndiye aliyelieleza. "Ghorofa ya kumi na moja," alisema, akichungulia juu kwa kuinama chini ya kioo, "kuna ukuta wa chumba cha mkutano umekwenda upande. Wakiweka picha hainyooki. Siku hiyo jino lilikuwa linamuuma, na msimamizi alimkatalia ruhusa."

"Nani, Mama?"

"Mume wangu. Mwashi. Alikuwa mtu wa timazi, huyo, kila kitu kinyooke, hata chai akimimina anafumba jicho moja. Lakini jino ni jino."

Na hapo, kati ya kituo cha tano na cha sita, akamweleza. Miaka mitano iliyopita walikuwa wanamwaga zege la nguzo ya tatu ya daraja. Zege la nguzo haliruhusiwi kusimama. Likisimama linashika, na la juu yake halishikani tena nalo, na nguzo yote inabidi ivunjwe. Mume wake aliteleza ndani. Wenzake wakapiga kelele. Msimamizi akatazama saa, akatazama malori yaliyopanga foleni yakizungusha matumbo, akasema endeleeni. Asubuhi waliingia kazini watu thelathini na mmoja, jioni wakatoka thelathini. Msimamizi akaandika kwenye daftari la mahudhurio, mbele ya jina la mwashi: Ametoroka kazini.

"Mwiko wake ulibaki juu ya ubao, na chakula chake hakijafunguliwa," bibi alisema. "Mwanangu, wewe umeona mtoro gani anaacha chakula?"

Kasuku alikubali kwamba hajamwona.

"Basi mtaani ikawa, oh, kamfuata mwanamke. Mwanamke gani, na magoti yale? Mimi sitaki mengi. Nimechoka kuwa mke wa mtoro. Nataka kuwa mjane. Nivae nguo yangu, nilie kilio changu, watu waje wakae, waondoke. Karani wa ofisi ya kumbukumbu kaniambia neno kwenye daftari haliondolewi mpaka mhusika mwenyewe akanushe kwa alama ya dole gumba la kushoto. Nikamwambia, haya, nipe fomu."

Aliufungua mkoba kidogo. Fomu ilikuwa ndani ya mfuko wa plastiki. Chini yake kulikuwa na kidau cha wino, kipande cha sabuni, taulo, mafuta na kikata kucha.

Kwenye Chemchemi, kituo cha sita, hawakushuka. Kasuku alimpa mlinzi karatasi kupitia dirishani, mhuri ukagongwa, wakaondoka.

Mkono ulikuwa umetoka kwenye nguzo ya tatu usawa wa kifua cha mtu, mwaka mmoja baada ya daraja kufunguliwa. Kwanza mafundi waliupiga lipu, nao ukaitoboa. Kisha wakaupaka rangi ya zege, lakini ulitoka jasho na rangi ikamomonyoka. Kikao cha jiji kiliketi siku mbili, kikaamua kuujengea uzio wa chuma, kuuwekea taa, na kuuita kivutio. Maelezo rasmi, ambayo Kasuku aliyasema mara mbili kwa siku, yalikuwa kwamba zege zuri hupumua. Ulikuwa mkono wa kushoto. Wageni walisalimiana nao kwa kushoto na hakuna aliyeona ni dharau, kwani mwenyewe hakuwa na mwingine. Ulitikisa mara moja, kwa ulegevu, kama mkono wa mtu aliyechoka kupokea rambirambi, na waliopiga nao picha walisema una joto. Picha yake ilitoka kwenye kalenda ya duka la dawa, mwezi wa sita. Ndiko bibi alikoiona ile kucha ya dole gumba iliyopasuliwa na nyundo mwaka waliooana.

Mlinzi alitazama mihuri sita, akagonga wa saba.

"Dakika kumi, Mama. Ukitaka picha nitakupiga mimi, najua upande wake mzuri."

"Na mimi naujua," bibi alisema.

Kasuku alisimama penye alama yake ya kusimamia na, kwa kuwa mdomo una mazoea, akaanza: "Kituo cha saba. Wataalamu wanasema zege zuri..." Safari hii hakurudi mwanzo.

Bibi aliinama kwenye uzio, akalowesha taulo kwa maji ya chupa, akauosha mkono kwa sabuni, kidole kimoja kimoja, na katikati ya vidole. Akakata kucha. Zilikuwa ndefu; jiji lilikuwa na mtu wa kuzikata, lakini alikuwa likizo. Akaupaka mafuta. Mkono ulitulia wakati wote huo kama mtoto anayenyolewa. Alipomaliza, uligeuka, ukamshika kifundo cha mkono, ukapapasa mpaka kwenye pete. Kisha ukamgonga kiganjani mara tatu, ko, ko, ko, kama mwashi anavyokaza tofali kwa kitako cha mwiko. Hivyo ndivyo alivyokuwa akibisha hodi kwake miaka yote, hata mlango ukiwa wazi.

"Karibu," bibi alisema. "Haya, ni mimi, ndiyo. Tulia sasa, usije ukaniharibia fomu."

Alama ya kwanza ilichafuka kwa sababu mkono haukutaka kuachia. Ya pili ilitoka safi, na ule ufa wa nyundo ukionekana pembeni. Kasuku aliweka sahihi penye nafasi ya shahidi. Penye uhusiano na mhusika alifikiri kidogo. Miaka miwili alikuwa amemshika mkono huyu mtu, na kuna wageni aliowachekesha kwa kumwambia, "Shikamoo, mzee, hutoki?" Akaandika: Tunafahamiana.

Jumatano walikwenda wote wawili ofisini. Karani alikuwa kijana mwenye shati lililopigwa pasi mpaka likakata. Alitoa daftari la zamani, akachukua kioo cha kukuzia, akalinganisha alama ya fomu na ile aliyotia mwashi siku ya kuajiriwa, kwa muda mrefu, bila haraka, kama mtu anayeipenda kazi yake.

"Ni yeye," alisema.

Bibi akashusha pumzi aliyokuwa ameishika miaka mitano.

"Alama hii mmeipata wapi?"

"Nguzo ya tatu," alisema Kasuku.

Karani akafungua ukurasa mwingine. "Na alipangiwa nguzo ya tatu. Yuko hapohapo alipopangiwa." Akachukua rula, akapiga mstari mwekundu ulionyooka juu ya maneno Ametoroka kazini. Juu yake akaandika kwa mwandiko mzuri: Yuko kazini. Akapuliza wino.

"Hongera, Mama. Jina lake limesafishika."

"Na ujane wangu?"

"Ujane wa nani?"

"Wangu, mwanangu. Mume wangu amekufa. Yuko ndani ya zege."

Karani akamgeuzia daftari ausome. "Mama, mtu ametia dole Jumatatu. Leo Jumatano unataka nimwandike marehemu? Usimtabirie mwenzio mabaya."

"Na kifo huandikwa vipi?"

"Mwajiri ndiye huleta taarifa. Na mwajiri hawezi kuleta taarifa ya kifo cha mtu aliye zamu." Alisema hivyo kwa upole; hakuwa mtu mbaya. Akatazama tena umri kwenye daftari, na uso ukamng'aa. "Lakini ametimiza miaka sitini mwaka jana! Anaweza kuomba kustaafu. Aje mwenyewe, ghorofa ya tano. Siku hizi lifti haifanyi kazi, mwambie aje mapema."

Bibi alifunga mkoba. "Nitamwambia," alisema.

Mtaani habari ilipokelewa vizuri. Waliokuwa wakisema mwanamke wakaacha kusema mwanamke. Sasa waliuliza anarudi lini, na bibi aliwajibu akimaliza. Nguo ya ujane aliyokuwa ameinunua aliikunja, akairudisha chini ya sanduku na dawa yake ya nondo. Kampuni ya msimamizi ilipata kandarasi ya daraja la pili, na msimamizi alipandishwa cheo kwa kuwa, kwa mujibu wa kumbukumbu, hakuwahi kupoteza mtu. Maelezo ya kituo cha saba yalirekebishwa, na Kasuku akaletewa karatasi mpya ya kukariri: Mkono wa Mwashi, mfano wa uaminifu kazini. Daraja lilijengwa na Rais.

Kila Jumatano asubuhi, kabla ya wateja, Kasuku humchukua bibi kwenye lango la hoteli. Kibali hukipigisha mihuri sita jioni ya kuamkia siku hiyo, kwa kuwa walinzi wanamfahamu na mihuri haiulizi nani yumo garini. Bibi hukaa mbele. Darajani anaosha, anakata kucha, anapaka mafuta. Ko, ko, ko. Karibu. Aliufikishia ujumbe wa ghorofa ya tano, na mkono ulifumba ngumi kwa muda, ukafumbua. Mlinzi husema dakika kumi zimekwisha, naye hawezi kuongeza, ana mkubwa wake.

Barabara ya pale ni ya njia moja. Kurudi mjini ni lazima gari lipande na kuvuka daraja lenyewe. Wakikaribia nguzo ya tatu Kasuku hupunguza mwendo, na bibi hukumbatia mkoba, huinua miguu yake yote miwili kutoka sakafuni, na kukaa hivyo, magoti juu, mpaka nguzo ipite. Kasuku naye huinua mguu wake wa kushoto. Wa kulia hawezi, uko kwenye pedali ya mafuta, na nyuma yake magari yanapiga honi.