Mji Aliolala Yotham

Bibi Loisi alikuwa na wajukuu wengi, lakini huyu mmoja ndiye aliyempa jina yeye mwenyewe. Siku mtoto alipozaliwa pale Hombolo, baba yake, Yotham, alikuwa Hispania, kuli katika bandari ya mji mmoja uliozungukwa na bahari. Kwao mtoto huitwa kwa lile lililokuwapo siku anazaliwa: njaa, mvua, msiba, safari. Basi bibi akauliza kwenye simu, "Hapo ulipo panaitwaje, mwanangu?"

Yotham akacheka. "Kadi, mama."

Kwa maandishi kuna herufi nyingine mwishoni, ila wenyeji wa huko huimeza, naye alisema kama makuli wenzake. Mtoto akawa Kadi, ila kwenye cheti likaandikwa kama mji wenyewe, na herufi yake ya mwisho. Tangu hapo Yotham akipiga simu, hata shikamoo hajaitoa, utamsikia, "Kadi wangu yuko wapi?"

Kisha mzigo ukamwangukia bandarini. Akazikwa hukohuko. Hombolo ilikuja habari tu, mwili haukuja.

Mjane wake, Restuta, alipata kazi ofisini, akahamia Dodoma mjini na mtoto, akamtia shule ya Kiingereza. Walimu wakaliona jina limeandikwa kama mji, wakalitamka kama Waingereza wanavyoutamka: Kediiz, uzito wote umelalia nyuma kama mkokoteni uliopakiwa vibaya. Likashika. Hata nyumbani likawa hilo.

Mwaka huu ukoo ukakubaliana kumsimikia Yotham msalaba kando ya kaburi la baba yake, ingawa hapakuwa na cha kufukia. Katika ukoo huo, msalaba ukishasimama, kila mtu husogea, hugusa udongo na kujitaja, ili marehemu ajue nani kaja.

Asubuhi ya siku hiyo bibi alikuwa shambani na mjukuu wake, wakichuma zabibu za wageni.

"Kitendawili!"

"Tega!"

"Mzee wangu namkata vidole kila msimu, naye hachoki kunilisha."

Mtoto akataja kuku, akataja ng'ombe, akachoka.

"Umeshindwa, mke mwenzangu. Nipe mji."

"Nakupa Kediiz."

Mkono wa bibi ukasimama kwenye kishada. "Huo siujui. Nitafikaje?"

"Si jina langu, Bibi?"

"Nipe Kadi, nitafika."

"Aa, Bibi! Kadi siyo. Ukisema hivyo unakosea."

Bibi akamwonyesha mzabibu kwa kidole, jibu hilo hapo, wala hakutega kingine.

Alimkuta Restuta jikoni akipepeta mchele. "Mkwe wangu, nakuomba. Leo tu. Pale msalabani ajitaje Kadi. Mwanangu hamjui huyo Kediiz."

"Mama, wewe hukuwapo akirudi analia. Wenzake walikuwa wakimcheka: wewe kadi ya harusi au kadi ya kliniki? Sasa amepata jina la kusimama nalo, nilibomoe?"

"Hulibomoi. Leo tu, kisha rudi nalo mjini."

Restuta akautua ungo. "Haya, mama. Nitamwambia."

Na alimwambia kweli, bibi akisikia kwa masikio yake.

Zamu ya mtoto ilipofika, watu wote walikuwa wamesimama, wazee mbele. Akainama na gauni lake jeupe, akagusa udongo. "Baba, mimi ni..." Akageuka kumtazama mama yake, akawatazama watu. "Mimi ni Kediiz."

"Ebu sikieni!" Seth, mdogo wa marehemu, akapaza sauti. "Kizungu hicho! Mtoto kasoma, jamani!"

Watu wakacheka kwa furaha, mwanamke mmoja akapiga kigelegele. Restuta aliinamisha uso, lakini tabasamu lilikwisha kumponyoka.

Bibi Loisi akautazama msalaba. Kwamba hapakuwa na mtu chini yake alijua. Alichobakiwa nacho cha Yotham ni ile namna yake ya kuita, na sasa hapakuwa na kinywa kingine kilichoibeba ila chake, nacho meno yalikuwa yamekwisha. Akapiga magoti taratibu. Mama hujitaja, kisha huwataja aliokuja nao.

"Yotham," akasema, "ni mimi mama yako, Loisi. Nimekuja peke yangu."

Vicheko vikakatika.

"Bibi," mtoto akasema nyuma yake, "mbona mimi nipo?"

Bibi alisikia. Neno moja tu, jina la mtoto, lingetosha, tena angeweza kulisema kwa namna yoyote aliyotaka. Akaendelea kuusawazisha udongo ambao haukuwa na tuta, mgongo kwa mtoto, mpaka Restuta alipomshika mwanawe mkono na kumwondoa.