Mafua Hayaingii kwa Bi Somoe

Ikifika Julai, Mbagala nzima inapiga chafya. Asubuhi kibaridi, mchana vumbi, na pua za watu hazijui zishike lipi. Bi Somoe yeye hakuwa na habari. Alikuwa na tangawizi yake, vitunguu saumu vya kutwanga, malimao, asali kidogo, na nyungu ya majani ya mkaratusi na mpera ya kujifukizia. Aliyekohoa mbele yake alipewa kikombe pamoja na maneno, na maneno ndiyo yaliyokuwa machungu zaidi.

"Chipsi usiku, chipsi mchana, kinga mtaitoa wapi nyie? Mie mara ya mwisho kuumwa mafua, hata Talha sijamzaa!"

Talha ni mwanawe wa pekee, anaishi hapo hapo kwa mama yake, pamoja na mkewe Najat. Mimba mbili za Najat ziliharibika. Ya tatu ikaleta mtoto kabla ya siku zake, katoto ka kike, njiti, kadogo mpaka unaogopa kukashika. Siku ya kuruhusiwa hospitali, nesi aliwaambia neno moja tu: mwenye mafua asimsogelee, kifua cha huyu hakitahimili. Bi Somoe akalishika neno lile kuliko nesi mwenyewe. Akaweka kigoda mlangoni. Mgeni aliyevuta kamasi, zawadi ilipokewa, mwenyewe akarudishwa.

Alichokuwa anakingoja ni arobaini. Kwao, mtoto akitimiza arobaini hutolewa nje kwa shangwe, na wa kumbeba ni bibi mzaa baba. Bi Hamisa, mama yake Najat, alikuja kutoka Kawe akaulizia kwa adabu kama kwa huyu wa kwanza wangeweza kupokezana. Bi Somoe alicheka mpaka akashika mbavu. Amngoje mjukuu miaka yote hiyo, halafu mtoto abebwe na mtu wa Kawe? Thubutu!

Arobaini ikikaribia, akaja jirani yake Vaileth, mwalimu mgeni kutoka Mbeya, anakohoa kifua kinamrarua. Bi Somoe akampikia nyungu uani. Vaileth akajifunika, mara akachomoka.

"Bibi, nakosa pumzi."

"Hujui kuinama wewe. Hebu sogea nikuoneshe."

Akaingia naye chini ya blanketi lile lile moja, wakainamia chungu kimoja, mmoja anakohoa, mwingine anasifu. "Kohoa, mwanangu, kohoa! Utoke huo uchafu!" Ukatoka kweli. Ulikwenda wapi, hilo Bi Somoe hakujiuliza.

Asubuhi ya arobaini aliamka koo linamwasha. Akanywa kikombe cha tangawizi, akaongeza cha pili, akatafuna kitunguu saumu kibichi. Akajiambia ni vumbi. Akavaa doti mpya, akatoka ukumbini. Uani wanawake walikuwa wameshajaa mkekani, pilau imeshaiva, ubani unafuka kila pembe. Bi Hamisa alikuwa amesimama karibu na mlango na wanawake wenzake kadhaa.

Najat akatoka chumbani na mtoto. "Mama, mjukuu wako huyu. Sema bismillahi."

Bi Somoe akanyoosha mikono, na pua nayo ikaanza kumtekenya. Angeweza kuimeza chafya ile. Watu wameshameza makubwa kuliko hayo, na nani angembishia yeye, mwenye dawa? Akamtazama mtoto, kifua chake kidogo kinapanda na kushuka chini ya kanga. Akairudisha mikono, akageukia ukutani, akapiga chafya iliyosikika hadi barabarani.

"Ubani huo," Bi Hamisa akawahi kusema. "Umezidi humu ndani."

Njia ilikuwa hiyo, tena amefunguliwa na mtu ambaye hakumtegemea. Bi Somoe akatikisa kichwa.

"Si ubani. Nina mafua. Tangu alfajiri ninayo."

Mmoja wa wanawake wale akashindwa kujizuia. "Makubwa! Bi Somoe? Na tangawizi yote ile?"

"Cheka, shoga yangu, leo zamu yako. Tangawizi nimekunywa na mafua yamenipata." Akamgeukia mkwewe. "Najat, mpe mama yako ambebe. Na mie msinisogelee."

Bi Hamisa hakucheka. Alimpokea mtoto kwa mikono miwili, akamfunika vizuri, akatoka naye. Vigelegele vikapasuka uani. Wakamwonesha mtoto jua, wakamwonesha mlango wa kwao, wakamtajia majina ya babu zake.

Bi Somoe alibaki dirishani, pembe ya kanga puani. Roho ilimuuma, ilimuuma hasa. Alitaka kupiga kigelegele hata kimoja, sauti ikagoma. Machozi yakamtiririka, na kwa kuwa mafua yake yalikwishajulikana mtaa mzima, hakuna aliyemuuliza analia nini.