Mteja Mmoja Kabla ya Saa Sita

Soko la Wendlecote lilipewa haki yake na mfalme, na haki hiyo ilikuwa na sharti ambalo kila mtoto wa mji alilijua. Kila Jumatano, kabla kengele ya kanisa haijagonga saa sita mchana, lazima mgeni aliyevuka daraja anunue kitu kwa muuzaji wa soko. Jumatano moja ikipita bure, soko linahamia Thornhithe, ng'ambo ya mto. Na muuzaji wa mwisho akiiacha meza yake, hata kwa hatua tatu, soko limejifunga lenyewe.

Kwa mamia ya miaka sharti hilo halikumsumbua mtu. Lakini wauzaji walipungua, mmoja akistaafu, mwingine akifa, mwingine akihamia kwa binti yake, mpaka akabaki Hester Pargeter peke yake na meza ya jibini, palepale gatini, kando ya mto, alipokuwa akisimama mama yake. Hester alikuwa na miaka sitini na mmoja. Kazi nyingine hakuijua, wala hakuitaka.

Jumatano hiyo mvua ilianza alfajiri. Hadi saa tano na nusu alikuwa hajauza kipande. Pembeni alisimama Lionel Thrupp, karani wa Thornhithe, chini ya mwavuli mweusi. Huu ulikuwa mwaka wake wa sita wa kuja kushuhudia kama biashara imefanyika.

"Mvua kidogo leo," Lionel alisema.

"Si mbaya sana," akajibu Hester, maji yakimtiririka shingoni.

Ndipo basi la watalii likavuka daraja. Wakashuka wazee arobaini kutoka Leicester, wamevaa makoti ya mvua ya plastiki. Hester akashusha pumzi, akafuta kisu.

Wa kwanza kushuka alikuwa bibi mmoja, Beryl Oddie. Alikwenda hadi kwenye mlango wa ghala la zamani la nafaka, mlango ambao haukufunguliwa tangu Hester akiwa msichana, akainama kutoa kijiwe kiatuni. Mzee mmoja akaja, akasimama nyuma yake. Nyuma ya mzee wakasimama mume na mke. Beryl alipoinuka na kugeuka, alikuta watu ishirini wamejipanga kimya, wanamtazama kwa imani. Akaona aibu kuondoka.

Foleni ikarefuka kando ya maji mpaka mtu wa mwisho, mzee wa kofia ya sufu, akasimama hatua moja tu kutoka meza ya Hester. Alikuwa amempa mgongo.

"Samahani, kaka," Hester alisema. "Foleni hii ni ya nini?"

"Hata sijui, dada. Lakini ndefu hivi, lazima ni kitu kizuri."

"Mlango ule haufunguki."

"Ndiyo maana haisogei."

"Nina jibini hapa. Geuka tu, ununue kipande."

Mzee akamtazama kama mtu aliyeambiwa avue suruali. "Nikigeuka nitakuwa nimetoka kwenye foleni."

"Lakini wewe ndiye wa mwisho! Utapoteza nini?"

"Mimi si wa mwisho," mzee akasema kwa hadhi. "Ni wa arobaini."

Zilibaki dakika kumi na mbili. Kupaza sauti gatini Hester hakuwahi, na hakujua kama angeweza. Akafikiri taratibu, kama alivyozoea kufikiri, kisha akamwinamia mzee. "Basi wapelekee ujumbe. Waambie foleni ni ya hapa. Aliye mbele aje kwangu, na wengine wamfuate vilevile walivyo."

"Bila kupitana?"

"Bila kupitana hata kidogo."

Ujumbe ukapita mdomo kwa mdomo. Huko mbele Beryl akaonekana kushika kifua kwa furaha. Akaanza kutembea, na foleni nzima ikapinda na kumfuata taratibu kando ya maji, kila mmoja akimwangalia wa mbele yake asimkanyage. Beryl alifika mezani zikiwa zimebaki dakika tatu.

"Karibu sana," Hester akasema. "Nikukatie ipi?"

"Oo, bado naangalia." Beryl akamgeukia mzee wa nyuma yake. "Tangulia wewe, bwana."

"Siwezi. Wewe ndiye uliyeanza."

"Kwa kweli, sina haraka."

"Hata mimi sina. Huyu mama mwenye fimbo labda?"

"Mimi? Jamani, baada yenu!"

Hester alizishika kingo za meza. Aliwatazama wakisukumiana nafasi, nyuso zao zimejaa wema, akahisi machozi yanamlenga. Saa ya mnarani ilionyesha imebaki dakika moja.

Hapo Lionel akakunja mwavuli, akapita kando ya foleni nzima, akajiweka mbele ya meza. "Nikatie kipande," akanong'ona. "Haraka, kabla sijabadili mawazo. Tukilipata soko hili nitawekwa mimi kuliendesha, na watu siwawezi."

Hester akainua kisu, lakini kisu hakikufika kwenye jibini.

"Samahani!" ilikuwa sauti ya Beryl, na haikuwa ile ya mwanzo. "Kuna foleni hapa!"

"Mama, nina sababu..."

"Kila mtu ana sababu!" akafoka mzee wa nyuma yake. "Mwisho uko kule, bwana!"

"Na ana mwavuli wa heshima kabisa," mama wa fimbo akasema kwa uchungu. "Siku hizi!"

Beryl akamsukuma Lionel kwa kiwiko, akatupa noti mezani. "Wa kwanza ni mimi! Ile ya njano. Nipe yote!"

Hester akampa. Vidole vyao viligusana juu ya karatasi ya kufungia, na kengele ikaanza kugonga.

Lionel alikwenda mwisho wa foleni, nyuma ya mzee wa kofia, akasimama dakika arobaini katika mvua, kwa sababu hakuna aliyemwambia anaweza kuondoka. Alipofika mezani jibini ilikuwa imekwisha.

"Nimebaki na vitunguu vya siki," Hester akamwambia.

"Ni vikali?"

"Sana."

"Basi nipe chupa mbili," Lionel akasema, akatazama nyuma kuona kama kuna mtu anayemsubiri.