Pengo la Sipre

Ukipita kwetu Nguba, mjini Bukavu, utaona ua wa miti ya sipre umesimama wima kutoka barabarani hadi karibu na ziwa, kijani kiangazi na masika, isipokuwa mahali pamoja penye pengo la kutosha mbuzi kupita. Wageni hutuonea huruma. Wasituonee! Mimi pengo lile najivunia kuliko nyumba yenyewe.

Mama yangu, Godelive, alizipanda sipre hizo mwaka niliozaliwa. Nilipokuwa msichana zilinitia haya: majirani walikuwa na mawaridi, sisi tuna miti ya makaburini.

"Joviale," aliniambia, "waridi ni kama mugeni, kila siku linaomba maji. Sipre inajitunza yenyewe. Mara mbili kwa mwaka unaikata nywele, basi."

Alikata ncha tu, zile za kijani. Ndani, penye matawi makavu ya kahawia, panga lake halikufika kamwe. Kila jirani aliyemwomba miche alipewa na onyo la kutogusa hapo, atake asitake.

Vita vilipofika Bukavu mwaka 1996 tulishika njia ya Shabunda. Baba alikuwa ameshafariki. Hati za kiwanja zilikuwa ndani ya sanduku lake, na sanduku liliporwa njiani. Tuliporudi baada ya miezi minane, tulimkuta nyumbani mwetu bwana mmoja aitwaye Constantin, rafiki wa wanajeshi, amevaa hadi malapa ya baba.

Chef wa avenue, yaani mkuu wa mtaa wetu, papa Alphonse, alikuwa mpya kazini. Akawaita majirani wote mbele ya ua, awaulize habari za kiwanja.

"Nani anajua hii parcelle iko ya nani?"

Watu tuliokula nao sahani moja wakaangalia vidole vyao vya miguu. Niliwachukia, nasema kweli. Lakini walikuwa na watoto, na wanajeshi wawili walikuwa wameegemea gari palepale.

"Huyu maman alikuwa mupangaji wangu tu," alisema Constantin. "Hata hizi sipre nilipanda mimi, na mukono yangu."

Mama alikuwa amekonda, amebaki mifupa na macho. Akamnyooshea Constantin mpini wa panga.

"Kama ziko zako, papa, zikate tuone. Ziko murefu sana."

Jamaa akacheka, akakunja mikono ya shati. Pigo la kwanza lilipita kwenye ncha. La pili likazama ndani kabisa, kwenye kahawia, na tawi zima likaanguka.

"Aah, hapana!" Alikuwa Maman Clémence, jirani yetu ambaye hata panya humkimbiza. "Hapo haitaota tena! Maman Joviale alitukataza!"

Akaziba mdomo, kachelewa. Nyuma yake papa Floribert akakohoa: "Hata mimi alinikataza, wakati alinipa miche." Kisha mwingine, na mwingine, hadi avenue nzima ikawa inasema kwa pamoja.

Papa Alphonse akamnyang'anya Constantin panga, akamrudishia mama. Wanajeshi waliutazama umati, wakatazamana, wakawasha gari. Jioni ile Constantin alitoka, miguu mitupu.

Mama akalikumbatia lile tawi, akalia. Nami nilitamani watu wote hadi mitaa ya Kadutu waje wamwone, huyu ni mama yangu.

Mwaka jana nilimletea mche wa kuziba pengo. Macho yake hayaoni vizuri siku hizi, aliupapasa, akaunusa.

"Iko muzuri," akasema. "Mupelekee Clémence."